Samaki Aliyedhaniwa Kisiwa: Namna ya Kusoma Talmudi kwa Shaka na kwa Heshima

Wanaoitaja kwa Kiswahili Talmudi, kitabu kikubwa cha marabi (walimu wa dini ya Kiyahudi), mara nyingi huwa wa aina mbili. Wako wanaosambaza kwenye makundi ya WhatsApp orodha ya "siri za Wayahudi", kila mstari unatisha kuliko uliotangulia. Na wako wanaoamini kwamba neno likishasemwa na rabi wa kale basi halina mjadala. Mhubiri akitamka maneno mawili ya Kiebrania, ukumbi mzima unaitikia amina. Wengi wa pande zote mbili hawajawahi kukifungua kitabu chenyewe. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kukifungua, awe Mkristo, Mwislamu au asiye na dini, ambaye hataki kudanganywa na pia hataki kupitwa na utamu uliomo.

Hatua ya 1: Jua umeshika kitabu gani

Maandiko ya dini ya Kiyahudi ni maktaba nzima, na kila rafu ina umri wake. Msingi ni Tanakh, yaani vitabu vilevile vya Agano la Kale la Waprotestanti, ila vimepangwa kwa mfuatano mwingine na kuhesabiwa 24. Juu yake ikaja Mishna, mkusanyo wa sheria na mabishano ya wanazuoni uliohaririwa na Rabi Yehuda ha-Nasi huko Galilaya karibu mwaka 200 BK. Marabi wa Babeli, ambayo leo ni Iraki, wakaijadili Mishna hiyo kwa karne kadhaa. Mjadala wao huitwa Gemara, na Mishna ikiungana na Gemara ndiyo Talmudi ya Babeli. Iko pia Talmudi ya Yerusalemu, fupi zaidi na iliyotangulia kukamilika. Midrashi nazo ni mikusanyo ya ufafanuzi na visa vinavyojaza mapengo ya Biblia. Zohari ilikuja baadaye sana, nayo nimeitengea hatua yake.

Huenda umeshakutana na midrashi bila kujua. Kijana Ibrahimu anayevunja masanamu ya baba yake hayumo popote katika kitabu cha Mwanzo. Yumo katika midrashi iitwayo Bereshit Rabba, na kisa cha Ibrahimu na masanamu kimo pia katika Kurani, Surat al-Anbiyaa. Mwislamu aliyekaa darasa la tafsiri anaijua istilahi ya Israiliyyat, yaani simulizi zilizopokewa kutoka kwa Wana wa Israeli, na huenda amefundishwa jinsi mfasiri wa Kurani Ibn Kathir alivyozigawa simulizi hizo: zinazoafikiana na Kurani, zinazopingana nayo, na zile zisizosadikishwa wala kukadhibishwa. Huyo anaanza safari akiwa na zana mkononi.

Hatua ya 2: Kabla ya kuuliza kama ni kweli, uliza ni maneno ya namna gani

Talmudi huchanganya vitu viwili bila kumpa msomaji taarifa. Kimoja ni halakha, yaani sheria: nani alipe ng'ombe akiangukia shimoni, mkataba wa ndoa uandikwe vipi. Cha pili ni agada: visa, tafsiri za ndoto, dawa za homa, vituko vya baharini, maneno ya wazee kitandani pa kufa. Unaweza kuwa katikati ya hesabu ya fidia, mara mtu anasimulia safari yake.

Chukua Bava Batra, kimoja cha vitabu vinavyounda Talmudi, ukurasa wa 73. Rabba bar bar Hana anasema walikuwa chomboni wakaona samaki ambaye mchanga ulikuwa umejaa mgongoni mwake na majani yameota. Wakadhani ni nchi kavu. Wakashuka, wakaoka mikate na kupika. Mgongo ulipopata moto samaki akajipindua, na lau chombo kisingekuwa karibu wangezama. Aliyekulia na visa vya Alfu Lela Ulela anamjua samaki huyu, maana ndiye wa safari ya kwanza ya Sindbad. Ni hadithi ya mabaharia wa upande ule wa dunia, na rabi mmoja ameileta darasani.

Ukisoma kurasa hizo kama taarifa ya bahari, utabaki na machaguo mawili mabaya: kuamini samaki asiyeaminika, au kucheka na kufunga kitabu. Musa bin Maimun, anayejulikana kama Maimonides, mzaliwa wa Córdoba aliyefariki Misri mwaka 1204, aliyaona yote mawili. Katika ufafanuzi wake wa Mishna, alioandika kwa Kiarabu, anawagawa wasomaji wa agada mafungu matatu. La kwanza, lenye watu wengi zaidi, huchukua kila neno kama lilivyo; wanadhani wanawatukuza wanazuoni kumbe wanawashusha. La pili nalo huchukua kila neno kama lilivyo, kisha hudhihaki, na kwa maoni yake hao ni wapumbavu kuliko wa kwanza. La tatu huelewa kwamba wenye hekima husema kwa mafumbo, na hao, asema, ni wachache mno hata huwezi kuwaita kundi.

Mwanawe Abraham alikwenda mbele zaidi: kuwaheshimu wanazuoni wa Talmudi katika dini hakumlazimishi mtu kuwatetea katika kila walichosema juu ya tiba, maumbile na nyota. Hilo lilisemwa na kiongozi wa Wayahudi wa Misri katika karne ya 13. Kwa hiyo shaka yako haina ugeni wowote humu ndani.

Kwa vitendo: ukifika kwenye kisa, andika pembeni mstari mmoja, "hapa wanabishania nini?" Kisa cha Talmudi hakiji peke yake. Kimeitwa na jambo lililo juu yake.

Hatua ya 3: Mtafute anayebisha

Ukikuta kauli nzito, usiinukuu kabla hujasoma mistari inayofuata, maana kwa kawaida mtu yuko njiani kuipinga. Ukurasa wenyewe umepangwa hivyo. Katika chapa ya Vilna ya miaka ya 1880, ambayo mpangilio wake ndio uliozoeleka hadi leo, Talmudi iko katikati. Ubavu mmoja una maelezo ya Rashi, aliyeishi Troyes nchini Ufaransa na kufariki mwaka 1105. Ubavu wa pili una Tosafot, maelezo ya wanazuoni wa vizazi vilivyofuata, na miongoni mwao wamo wajukuu wa Rashi mwenyewe. Mara nyingi kazi yao ni kumwambia babu kwamba hapo maelezo yake hayasimami.

Mifano mitatu itakupa ladha.

Ayubu aliishi lini? Bava Batra 15 inaorodhesha maoni mengi: zama za Musa, zama za Waamuzi, na kuendelea. Katikati ya orodha mwanafunzi mmoja anasema Ayubu hakuwahi kuwapo wala kuumbwa, ni mfano tu. Anajibiwa kwa hoja, na maneno yake yameachwa yalivyo.

Jua huenda wapi usiku? Katika Pesahim 94 wenye hekima wa Israeli wanasema hupita juu ya anga. Wa mataifa wanasema hupita chini ya ardhi. Yehuda ha-Nasi, mhariri wa Mishna yenyewe, anaamua kuwa maneno ya wageni yanaelekea kuwa sahihi kuliko yetu, kwa sababu maji ya visima huwa ya baridi mchana na ya uvuguvugu usiku. Sababu yake ni mbovu. Ila tazama kilichotokea: amewapa ushindi watu wa nje, na kitabu kimelihifadhi hilo bila kulionea haya.

Wa tatu ndio mgumu. Kumbukumbu la Torati 21 inaamuru mwana mkaidi na mlevi apigwe mawe. Marabi katika Sanhedrin 71 wanaibana sheria hiyo hadi inakosa hewa. Rabi Yehuda mwingine, si yule mhariri wa Mishna, anadai mama na baba wawe wamefanana kwa sauti, kwa sura na kwa kimo, la sivyo mtoto hahukumiwi. Hatimaye inasemwa kwamba mwana kama huyo hajawahi kuwapo wala hatakuwapo. Imeandikwa ili watu waisome na kupata thawabu. Msomaji wa leo anashusha pumzi. Lakini mara Rabi Yonatan anaingilia: mimi nilimwona, na nilikaa juu ya kaburi lake. Watu wanaoipenda Talmudi huacha kunukuu kabla ya Yonatan. Wewe mnukuu.

Kwa sababu kitabu ni ubishi, kukisoma peke yako ni kazi nzito. Desturi ya Kiyahudi ni kusoma wawili wawili, mmoja akisoma kwa sauti na mwingine akimkatiza. Tafuta mtu asiyekubaliana nawe. Kama uko karibu na Wayahudi wenyewe, ni vyema zaidi. Nairobi ina sinagogi tangu enzi za ukoloni, na karibu na Mbale, Uganda, wako Abayudaya, jumuiya iliyoanza mwaka 1919 pale Semei Kakungulu, jemadari wa Buganda, aliposhika dini hiyo kutokana na kusoma Biblia. Nenda kwa adabu, kama mgeni, na usianze na maswali ya WhatsApp.

Hatua ya 4: Soma kisa mpaka mwisho

Hatua hii ningeiandika kwa wino mwekundu kama ningeweza. Kisa mashuhuri kuliko vyote katika Talmudi ndicho kinachokatwa vibaya kuliko vyote: tanuri la Akhnai, Bava Metzia 59.

Wanabishania tanuri la udongo lililokatwa vipande na kutiwa mchanga katikati: linaweza kupata najisi au haliwezi? Rabi Eliezer anasema haliwezi, ni safi. Wenzake wote wanakataa. Anatoa hoja zote za duniani, hawakubali. Anasema, kama sheria iko nami, mkarobu huu na uthibitishe. Mti unang'oka na kuhama dhiraa mia. Wanamjibu kuwa mti si ushahidi. Maji ya mfereji yanarudi nyuma. Maji si ushahidi. Kuta za nyumba ya masomo zinaanza kuanguka, na Rabi Yehoshua anazikaripia: wanazuoni wanapobishana, ninyi yanawahusu nini? Kuta haziangukii chini kwa heshima ya Yehoshua, wala haziinuki kwa heshima ya Eliezer, zinabaki zimeinama. Mwishowe sauti inatoka mbinguni kumtetea Eliezer. Yehoshua anasimama na kusema kwa maneno ya Torati: haiko mbinguni. Na Rabi Yirmeya anaeleza kwamba Torati imeshatolewa Sinai, hatusikilizi tena sauti ya mbinguni, tunafuata walio wengi. Baadaye Rabi Natan anakutana na nabii Eliya na kumuuliza Mungu alifanya nini saa ile. Alicheka, anajibiwa, akisema: wanangu wamenishinda.

Hapo ndipo wahubiri, wanasheria na wapenda demokrasia hufunga kitabu huku wakitabasamu. Nawaelewa, maana ni kipande kitamu mno.

Sasa tia shaka kidogo. Aya ambayo Yirmeya anaitegemea kuhusu wengi ni Kutoka 23:2, na ukiifungua Biblia yako utakuta inaanza kwa kukataza kufuata mkutano katika kutenda uovu. Amechukua mkia wa aya na kuugeuza. Wasomi wa kale walilijua hilo. Nawe unatakiwa kulijua.

Kisha endelea kusoma. Siku ileile wanaleta vitu vyote ambavyo Eliezer aliwahi kusema ni safi, wanavichoma, na kumtenga na jamii. Nani atamwambia? Rabi Akiva, mmoja wa wanafunzi wake, anajitolea, asije akaenda asiyefaa. Anavaa nguo nyeusi, anakaa umbali wa dhiraa nne, na kusema: mwalimu wangu, naona wenzako wamejitenga nawe. Eliezer anararua nguo zake, anavua viatu, anakaa chini, na machozi yanamtoka. Theluthi ya zeituni, theluthi ya ngano na theluthi ya shayiri za dunia zinaharibika. Rabban Gamaliel, mkuu wao, yuko baharini. Wimbi linainuka kumzamisha hadi ajitetee kwamba alifanya hivyo ili mabishano yasizidi katika Israeli. Wimbi linatulia, lakini hajasalimika. Dada yake Ima Shalom ni mke wa Eliezer. Tangu siku ile anamzuia mumewe asianguke kifudifudi kuomba, akijua dua ya aliyeumizwa itampata kaka yake. Siku moja anapitiwa, na akirudi anamkuta mumewe amesujudu. Inuka, anamwambia, umeshamuua kaka yangu. Na habari ya msiba inatoka nyumbani kwa Gamaliel. Amejuaje? Amepokea kutoka ukoo wa babu yake kwamba milango yote ya mbinguni hufungwa, isipokuwa mlango wa aliyeumizwa kwa maneno.

Tazama sasa kisa hiki kimewekwa wapi. Sehemu kubwa ya sura inahusu kupunjana katika biashara na kuumizana kwa maneno. Mhariri hakukileta ili kushangilia wingi wa kura. Amekileta kuonyesha walio wengi wakiwa na haki kisheria, na pamoja na hayo wakimvunja mtu. Usomaji huo ni mzuri mara kumi kuliko ule wa mahubiri, na hauhitaji uamini kwamba mti ulihama.

Hatua ya 5: Kagua nukuu

Kila kurasa ya Talmudi ya Babeli ina anwani: jina la kitabu, namba ya karatasi, na upande wa kwanza au wa pili. Nukuu isiyo na anwani iache. Yenye anwani ifungue kwenye Sefaria, maktaba ya bure mtandaoni, ambako maandishi ya asili yamewekwa kando ya tafsiri. Nyingi ni za Kiingereza, kwa hiyo omba msaada ikibidi. Utashangaa ni mangapi yanayeyuka. Orodha za chuki hupenda kutaja kitabu kiitwacho "Libbre David", na kitabu hicho hakipo.

Nukuu nzuri nazo zikaguliwe vivyo hivyo, na hapa wengi hulegea. "Aokoaye nafsi moja ni kama ameokoa ulimwengu mzima" imo katika Mishna, Sanhedrin sura ya 4, katika onyo wanalopewa mashahidi wa kesi ya mauti, na inajengwa juu ya habari ya Kaini na Habili. Kurani, al-Maida aya ya 32, inaitaja kuwa ni hukumu waliyoandikiwa Wana wa Israeli, nayo pia mara baada ya kisa cha ndugu hao wawili. Lakini chapa nyingi za Mishna husema "nafsi moja ya Israeli", ilhali nakala muhimu za kale za mkono hazina nyongeza hiyo, na hoja yenyewe, inayoanzia kwa Adamu baba wa wote, inakuwa na maana zaidi bila hiyo. Ukiinukuu, taja yote mawili.

Hatua ya 6: Tenganisha mwandishi na uzuri wa maandishi

Zohari, kitabu kikuu cha Kabbala, yaani elimu ya siri za kiroho ya Kiyahudi, inajitambulisha kuwa maneno ya Rabi Shimon bar Yohai wa karne ya 2. Ilianza kuonekana Castile, Hispania, mwishoni mwa karne ya 13, kupitia mikono ya Moshe de León. Jacob Emden, rabi mshika dini hasa, aliandika mwaka 1768 kwamba sehemu kubwa haiwezi kuwa ya kale. Katika karne ya 20 Gershom Scholem, mtafiti wa Kabbala, alichambua Kiaramu chake na kuonyesha kuwa ni cha mtu wa zama za kati aliyejifunza lugha hiyo vitabuni. Basi mtu akikuuzia "siri ya Zohari ya miaka elfu mbili", mpunguzie zaidi ya elfu moja. Hayo hayazuii kurasa zake kuwa mashairi makubwa.

Marabi wenyewe walikuwa na mcheko juu ya jambo hili. Katika Menahot 29 Musa anapelekwa mbele katika wakati, akaketi mwisho wa safu ya nane darasani kwa Akiva, na haelewi wanachosema. Nguvu zinamwishia. Kisha mwanafunzi anauliza, mwalimu umepata wapi hili? Akiva anajibu: ni sheria aliyopewa Musa pale Sinai. Musa anatulia. Akiuliza malipo ya mtu huyo yatakuwa nini, anaonyeshwa nyama ya Akiva ikipimwa sokoni, maana Warumi walimuua kwa mateso. Hii ndiyo Torati na hii ndiyo thawabu yake? Nyamaza, anaambiwa, ndivyo ilivyonijia katika mawazo. Sijui kitabu kingine cha dini kinachojiuliza maswali mawili makubwa namna hiyo ndani ya nusu ukurasa.

Hatua ya 7: Palipo pabaya, sema ni pabaya

Heshima isikufanye mwanasheria wa utetezi. Msomaji wa Afrika atafika Sanhedrin 108, inaposemwa kwamba Hamu alivunja mwiko ndani ya safina na akapigwa katika ngozi yake. Rashi anafafanua kuwa ndiye aliyemzaa Kushi, anayehesabiwa babu wa watu weusi. Bereshit Rabba inataja weusi waziwazi. Biblia haisemi hivyo: katika Mwanzo 9 anayelaaniwa ni Kanaani, na rangi haitajwi kabisa. Simulizi za namna hii zilizunguka kwa Wayahudi, Wakristo na Waislamu, na zikatumika kuhalalisha utumwa. Mwanahistoria Ibn Khaldun alizikataa mwaka 1377, akisema Torati haitaji weusi popote katika laana hiyo. Baadaye jina la Hamu likageuzwa tena: mpelelezi Mwingereza Speke mwaka 1863 akadai watawala wa falme za Maziwa Makuu ni wageni kutoka Uhabeshi, nadharia ya "Wahamiti" ikakua juu yake, na Rwanda na Burundi zinajua ilikoishia.

Fanya mambo mawili hapo. Usiipunguze makali kwa kusema "ni fumbo tu". Na usiifanye kuwa ndiyo Talmudi yote, maana ni mistari michache katika kazi yenye karatasi zaidi ya 2,700, na waliotumia simulizi hizo kuhalalisha utumwa wengi wao hawakuwa wasomaji wake. Siku za nyuma chuki dhidi ya kitabu hiki ziliishia motoni. Paris mwaka 1242 magari mengi ya nakala zake yaliteketezwa hadharani. Msomaji mwenye hasira ya haki asijikute upande wa wale wenye kuni.

Pa kuanzia

Anza na Avot, kitabu kifupi cha Mishna chenye maneno ya busara na mabishano machache. Kisha Bava Metzia sura ya 4, uone tanuri likiwa mahali pake. Kisha kurasa za mabaharia katika Bava Batra, kwa furaha tu. Zohari iache mwaka mzima.

Wako wanaosoma karatasi moja kila siku duniani kote kwa ratiba moja, mpango uliopendekezwa na Rabi Meir Shapiro mwaka 1923. Mzunguko mmoja huchukua takriban miaka saba na nusu, na wa sasa ulianza tarehe 5 Januari 2020 na unaisha Juni 2027. Ukitaka kujiunga, subiri uanze na wenzako kwenye Berakhot, kitabu cha kwanza. Mishna ya kwanza kabisa inauliza: tangu saa ngapi mtu husoma Shema ("Sikia, Israeli", tamko la imani ya Kiyahudi) ya jioni? Inajibu: tangu makuhani wanapoingia kula fungu lao. Gemara nayo, kabla ya kueleza neno lolote, inamgeukia msemaji na kumhoji: amesimama wapi huyu hata anauliza "tangu saa ngapi", na kwa nini ameanza na jioni badala ya asubuhi?